Mkono Mzito, Mkono Mwepesi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba masaji isiyouma haijafanya kazi. Bega langu la kulia lilikuwa limekaza kwa kuinamia kompyuta kutwa nzima, na kila nilipojilaza kitandani kukandwa, neno langu la kwanza lilikuwa lile lile: "Weka nguvu." Nikiulizwa kama naumia, nasaga meno na kusema hapana. Siku moja nikampata mkandaji aliyenitii. Aliweka kiwiko pembeni ya mfupa wa bega, akaegemea kwa uzito wake wote, huku akinieleza kwamba anavunja mafundo na kutoa sumu. Nilitoka pale nikiamini nimetibiwa. Asubuhi yake mgongo ulikuwa umevilia damu, shingo haigeuki, na kwa siku nne sikuweza kuvaa shati bila msaada.

Sikuwa na haki ya kumlaumu sana, maana nguvu niliiomba mwenyewe. Lakini swali lilibaki kunikera: kama maumivu ndiyo dawa, mbona wiki ya pili bega lilikuwa limekaza kuliko mwanzo?

Jibu lilinijia miaka miwili baadaye, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni katika chumba cha fiziotherapia, namtazama mama yangu akiguswa mkono. Alikuwa amepitia matibabu ya saratani ya titi: upasuaji uliomwondolea titi pamoja na tezi za limfu za kwapani, zile zinazochuja majimaji ya mwili, kisha mionzi. Miezi kadhaa baada ya kuambiwa matibabu yamekwisha, mkono wake wa kushoto ukaanza kujaa. Pete ikagoma kuvuka kifundo cha kidole, blauzi zikawa zinabana upande mmoja, na jioni alikuwa akiupakata mkono ule kwa mkono wa pili kama aliyebebeshwa mzigo usio wake. Mtaalamu aliyempokea, dada wa makamo asiye na haraka, hakuugusa mkono kwanza. Alianzia shingoni, juu ya mtulinga, na vidole vyake havikuonekana kubonyeza chochote. Vilikuwa vinaivuta ngozi taratibu, vinaiachia, vinaivuta tena. Nikawa nasubiri aanze kazi. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nitarudi kwa mama. Kwanza niseme nilichokuja kukielewa kuhusu mikono hii ya aina mbalimbali, kwa sababu tangu siku ile nimesoma, nimeuliza na nimelala kwenye vitanda vingi.

Kiswahili hakijawahi kulitia tendo hili kwenye neno moja. Tuna kukanda, kuchua, kusinga, kupapasa, kusugua, kubonyeza, na kila kitenzi kina mkono wake. Kukanda ni kuukusanya msuli kwa viganja, kuuminya na kuuachia. Kuchua ni kuteleza na mafuta ukifuata urefu wa msuli. Kusinga ni kazi ya ngozi zaidi kuliko nyama, mafuta na manukato yakisuguliwa mpaka yaingie. Neno masaji limekuja likayafunika yote, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kuchanganya mambo. Mtu anasema anataka masaji kama anayesema anataka dawa, bila kutaja ya nini.

Inayojulikana kuliko zote ni masaji ya Kiswidi, ile ya mafuta na kitanda chenye tundu la uso. Jina hilo linampa heshima Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha taasisi ya mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813. Mbinu zenyewe, pamoja na majina ya Kifaransa yanayotumika hadi leo, wengi huzihusisha na daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger. Mkandaji hupapasa kwa miondoko mirefu, hukanda, husugua kwa mduara, hugongagonga na hutetemesha. Nilifurahi kugundua kwamba jina la Kifaransa la ile ya pili limetoka kwenye kitenzi cha kukanda unga wa mkate. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeutazama msuli wa binadamu zikaona donge la unga. Anayekandwa kwa mara ya kwanza ningemshauri aanzie hapa, aseme wazi anataka kupumzika, na asione haya kusema "punguza".

Sasa, kwa nini kuguswa kunatuliza? Jibu linalotolewa haraka ni sumu: masaji inatoa sumu mwilini. Sumu gani, haitajwi kwa jina. Wakati mwingine inatajwa asidi ya laktiki, ile inayozalishwa misuli ikifanya kazi ngumu. Lakini asidi hiyo huondoka yenyewe, sehemu yake kubwa ndani ya saa moja hivi ya kupumzika. Anayekandwa kesho yake hana asidi ya kuondolewa. Maumivu yanayokuja siku moja hadi tatu baada ya mazoezi usiyoyazoea yanatokana na madhara madogo madogo ndani ya nyuzi za msuli na uvimbe unaofuatia. Masaji huyapunguza makali kidogo, nayo ni sababu tosha ya kukandwa. Kazi ya kusafisha damu ina wenyewe, ini na figo.

Jambo lenyewe hasa liko kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango la maumivu. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo taarifa za maumivu hukutana na taarifa za mguso kabla ya kupanda ubongoni, na mguso ukiwa mwingi lango hubanwa, maumivu yakapita kwa uchache. Ndiyo maana ukijigonga goti mkono hukimbilia kulisugua kabla hujafikiri. Nadharia imerekebishwa sana tangu wakati huo, ila wazo lake kuu limebaki.

Kuna jingine lililonigusa zaidi. Katika ngozi yenye vinyweleo zimo nyuzi za fahamu nyembamba, zinazopeleka taarifa polepole, ambazo huamshwa vizuri zaidi na mkono wenye joto la ngozi unaopita kwa mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ukienda mbio kuliko hapo mwitikio wake unapungua, ukienda polepole mno unapungua pia. Ujaribu mwendo huo juu ya mkono wako mwenyewe. Ndio ule ule ambao mzazi hutumia kumbembeleza mtoto, bila kufundishwa na mtu.

Nilipofika hapo nilielewa kilichonipata chini ya kile kiwiko. Mwili wangu ulikichukulia kama shambulio, ukajikaza kujilinda, na ulipoachwa ukaendelea kujilinda. Msuli uliokaza mara nyingi unatii amri ya kukaza inayotoka kwenye mfumo wa fahamu. Mkandaji anayeijua kazi yake anazungumza na anayetoa amri. Anayeushambulia msuli peke yake anamthibitishia mwenye amri kwamba hatari ipo kweli.

Lakini isieleweke kwamba mkono mwepesi ndio bora kila mahali. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake, huko Miami, walichapisha utafiti juu ya watoto njiti. Waliokuwa wakichuliwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao kila siku, na maziwa waliyokunywa hayakuwa mengi zaidi. Baadaye Field alisisitiza kwamba mkono uwe na uzito wa wastani, kwa sababu mguso hafifu mno humtekenya mtoto akakosa raha. Huwa namfikiria mtoto wa kilo moja na kidogo, ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu, anayehitaji kuguswa kwa mkono usioogopa.

Masaji ya kina, ile niliyokuwa nikiidai bila kuijua, huenda polepole kuliko zote. Mkandaji huzamisha vidole mpaka pale mwili unapokubali, anasubiri upumue, ndipo anasogea. Ukianza kuzuia pumzi, ameshavuka mpaka. Mmoja aliyenisaidia kweli aliniomba nimpe namba, sifuri hadi 10, na nikisema 7 alikuwa anarudi nyuma hata nilipomwambia naweza kuvumilia. "Sitaki uvumilie," alinijibu. Sijawahi kulisahau neno hilo.

Huyo alitumia njia ya kubonyeza vituo vya maumivu, ambavyo daktari Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alivichorea ramani kwa miaka mingi. Kitabu alichoandika na David Simons kilianza kutoka mwaka 1983. Kinundu kimoja juu ya bega, kikibonyezwa, maumivu yanajitokeza kwenye panja au nyuma ya jicho. Wanasayansi bado wanabishana vinundu hivi ni kitu gani hasa, lakini nilipobonyezwa pale na kusikia maumivu yangu ya kichwa ya kila alasiri yakiamka, nilijua nimefikiwa. Bega lilitulia kwa kidole gumba kimoja kilichokaa mahali pamoja kama dakika moja na nusu, wiki baada ya wiki, pamoja na kuinua skrini ya kompyuta hadi usawa wa macho. Kusema kweli, skrini ilichangia zaidi.

Ida Rolf naye, mwanakemia aliyepata shahada ya uzamivu Columbia mwaka 1920, aliamini kwamba tatizo liko kwenye utando unaoifunika misuli, akabuni mfululizo wa vikao 10 vya kuunyoosha mwili mzima. Nilikwenda vikao vitatu. Nilisimama wima zaidi kwa siku chache, kisha nikarudi nilivyokuwa.

Masaji ya Kitailandi ilinishangaza kwa sababu hakuna mafuta na hakuna kuvua nguo. Unalala kwenye godoro jembamba sakafuni, umevaa nguo pana, na mkandaji anatumia viganja, magoti, hata nyayo, akikukunja na kukunyoosha kama anayekufanyisha mazoezi wewe ukiwa umelala. Kuna michoro na maandishi ya elimu hii kwenye mawe ya hekalu la Wat Pho mjini Bangkok, yaliyowekwa zama za Mfalme Rama wa Tatu, na mwaka 2019 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwenye mwili uliokaa kitini siku nzima atafaidika nayo. Mwenye mifupa dhaifu au maumivu makali ya kiuno aseme kabla ya kuguswa, maana mikunjo mingine si ya kila mtu.

Shiatsu ya Wajapani, ambayo maana yake ni mbonyezo wa vidole, ina hadithi ninayoipenda. Inasimuliwa kwamba Tokujiro Namikoshi alikuwa mtoto wa miaka 7 pale familia yake ilipohamia kisiwa cha Hokkaido chenye baridi kali, mama yake akashikwa na maumivu ya viungo. Daktari hakuwepo karibu. Watoto wakawa wanambonyeza mama yao kwa zamu, na mama akagundua kwamba mikono ya Tokujiro ndiyo inayomfaa zaidi. Mtoto akaendelea kutafuta kwa vidole mahali palipokaza na palipopoa, na alipokua akafanya kazi hiyo maisha yake yote. Mwaka 1940 alifungua chuo mjini Tokyo. Kwenye shiatsu hakuna kusugua. Kidole gumba kinashuka wima, kinakaa, kinapanda. Huko huko Japani kazi ya kukanda imeshikwa kwa karne nyingi na watu wasioona, na sioni ajabu.

Kubonyeza nyayo kwa ramani, kila sehemu ya unyayo ikisemwa kuwa na kiungo chake ndani ya mwili, kulitokana na daktari Mmarekani William Fitzgerald aliyeandika juu ya kanda za mwili mwaka 1917, kisha Eunice Ingham akaihamishia ramani miguuni katika miaka ya 1930. Nimeshabonyezwa, nikasinzia, nikaamka mwepesi. Lakini hakuna uthibitisho kwamba kubonyeza katikati ya unyayo kunatibu figo, na anayekwambia anauona ugonjwa wako kwa kushika kidole cha mguu usimpe nafasi ya hospitali. Miguu inastahili kukandwa kwa sababu imetubeba. Ile ya kushika fuvu kwa wepesi na kusikiliza mdundo wa maji ya ubongo siitetei: wataalamu wawili wakimshika mtu mmoja hawakubaliani juu ya mdundo waliousikia. Mawe ya moto ni joto, na joto ni zuri, basi.

Sasa nirudi kwa mama.

Maji ya limfu hayana moyo wa kuyasukuma. Yanasafiri kwa mishipa midogo inayojibana yenyewe, yenye vali za kuzuia yasirudi, ikisaidiwa na pumzi na mwendo wa misuli, mpaka yanapomiminwa kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya mtulinga. Mishipa ya mwanzo kabisa imelala kwenye ngozi, si ndani ya nyama. Ukiivuta ngozi kidogo, inafunguka na kunyonya maji. Ukikandamiza, unaibana. Mtaalamu alinieleza kwa nini alianzia shingoni: ni kama foleni ya magari, wa nyuma hasogei mpaka wa mbele aondoke. Kwa kuwa njia za kwapani zilikuwa zimeondolewa, alikuwa akiyaelekeza maji kwenye njia nyingine, kuvuka kifua kwenda kwapa la upande wa pili. Mbinu hii ilitokana na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliokuwa wakiwahudumia watu kusini mwa Ufaransa, ambao waliiwasilisha mjini Paris mwaka 1936.

Mama alikuwa na hofu moja aliyoificha kwa vikao viwili. Alikuwa amesikia kwamba kukandwa kunasambaza saratani. Aliposema, yule dada hakucheka. Alimweleza kwamba hakuna ushahidi kuwa mguso wa upole unaisambaza, kwamba kinachoepukwa ni kubonyeza mahali penye uvimbe wenyewe, na kwamba daktari wake alikuwa ameshaulizwa. Kisha akatuambia jambo ambalo wengine wangelificha: kwamba masaji peke yake haitoshi. Bandeji za kubana, soksi ya mkono, mazoezi na kuitunza ngozi isichubuke ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Nilimwamini zaidi tangu hapo.

Siku moja tulifika mama akiwa na baridi. Mkono ulikuwa mwekundu toka kiwiko hadi bega, na ngozi ilikuwa ya moto. Mimi nilidhani ndio siku unahitaji kuguswa kuliko zote. Dada aliutazama, akaurudishia mkono wa blauzi. "Mama, leo sikugusi. Huu ni wa hospitali, na ni sasa hivi." Yalikuwa maambukizi ya ngozi, ambayo mkono uliojaa limfu huyapata kwa urahisi. Alilazwa, akapewa antibayotiki kwa mshipa, na tulirudi kwenye kile chumba baada ya wiki tatu.

Ndipo nikamuuliza ni lini tena anakataa, naye akanihesabia. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda ndani, na kipande chake kikiondoka kinakwenda mapafuni. Homa. Mfupa uliovunjika. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hakandwi kwa nguvu. Mjamzito anaguswa na aliyefundishwa. Na shingo, alisema akinitazama mimi maana nilikuwa nimemweleza habari za kile kiwiko, shingo isizungushwe ghafla hata kama mlio wake unaridhisha, kwa sababu mshipa wa damu unaweza kuchanika.

Alinifundisha hatua za kumfanyia mama nyumbani. Mara ya kwanza alinirudisha nyuma mara nne. "Bado unabonyeza." Nikapunguza. "Bado." Nilikuwa na mikono ya mtu aliyeamini katika nguvu, na kuiachisha tabia hiyo kulichukua wiki. Kila Jumapili jioni nilimpima mama kwa utepe sehemu nne, kifundo cha mkono, katikati ya kigasha, kiwikoni na juu ya kiwiko, nikaandika kwenye daftari. Tofauti ya mkono mmoja na mwingine ilikuwa sentimita 4 na nusu pale juu ya kiwiko. Mwezi wa tano tangu tuanze ilikuwa 2 na robo, na ikakaa hapo. Haijashuka zaidi, na tumeambiwa huenda isishuke.

Jioni moja nilikuwa nimemaliza shingo na kifua, nimeshuka mkononi. Taa ilikuwa moja. Mama alikuwa amefumba macho, hajasema neno kwa muda, nami nilijua kutokana na pumzi yake kwamba anakaribia kusinzia.

"Leo mkono ni mwepesi, mwanangu," alisema.

Sikumuuliza ni upi, wake au wangu. Nilimwacha apumzike kidogo, kisha nikachukua bandeji nikaanza kumfunga, kuanzia vidoleni kwenda juu.